Dele, mizani na ungo: shajara ya mradi wetu wa kahawa

Mradi wenyewe ni mdogo. Sisi ni watu wachache wa Dar es Salaam, pamoja na ndugu na marafiki waliotawanyika Mbeya na Muscat, tunaokunywa kahawa kila siku na kubishana juu yake kila siku. Kila mmoja huapa kwamba yake ndiyo kahawa, za wengine ni maji ya kuoshea vyombo. Mwaka huu tumeamua tupunguze kuapa, tuandike. Kila mtu atoe anavyopika, kwa gramu, mililita na dakika, hadi mwenzake akiifuata karatasi ile nyumbani kwake apate kikombe kilekile, au kinachokaribia. Mwisho wa kazi tunataka kijitabu cha kurasa chache cha kuning'iniza jikoni.

Shajara naiandika mimi kwa sababu mizani ni yangu.

Januari: vyombo

Tulivyonavyo ni hivi: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kipimajoto cha kuchovya, plunja ya kioo ya lita moja (jagi lenye chujio la kusukuma chini), V60 ya plastiki, yaani koni ya kuchujia kahawa, na pakiti ya karatasi zake, moka ya Bialetti, birika dogo la jikoni linalosukuma maji kwa mvuke, ambayo mpini wake ulishaungua zamani, dele la shaba la kuazima, lile birika la kahawa la pwani, kinu, mchi na ungo. Mashine ya kusagia ni ya mkono, ya kuzungusha. Ukisagia watu sita unatoka jasho.

Blenda tumeipiga marufuku. Visu vyake vinakata ovyo, vinatoa vumbi na mapande kwa wakati mmoja. Vumbi linaachia uchungu wote kabla mapande hayajaanza hata kulowa. Kinu nacho kina tabia hiyohiyo, lakini hakipigwi marufuku, kwa sababu kahawa ya kijiweni haisagwi, inatwangwa, na kijiwe kimo ndani ya mradi tangu siku ya kwanza.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, ndicho wapikaji wengi duniani wanachoanzia. Kwa vijiko vya chakula ni kama kumi. Tatizo ni kijiko cha nani: cha shemeji yangu kinabeba nusu zaidi ya changu, na yeye hukijaza kwa kilima. Sharti ni moja tu: ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, kingine chote kibaki palepale.

Februari: kila mtu na yake

Kijana wa Mbinga alileta arabika ya kwao (moja ya aina mbili kuu za kahawa, nyingine ni robusta), mbichi, rangi ya kijani iliyofifia, ndani ya mfuko wa sukari. Nyumbani kwao wanauza kupitia ushirika na kubakiza kidogo ya kunywa. Kaka wa Kibosho alileta PB ya Kilimanjaro. PB ni zile tunda zilizozaa punje moja ya mviringo badala ya mbili zilizobanana, na wanunuzi wa nje wanazipenda kiasi cha kuzitenga na kuzilipia zaidi. Dada wa Bukoba alileta robusta, na kikapu kidogo alichokiweka pembeni bila maelezo. Shemeji alileta kikopo cha Africafe, kahawa ya unga ya kukoroga tu, akakiweka katikati ya meza makusudi, akitazama nani atacheka.

Hakuna aliyecheka, na kwa maoni yangu ilikuwa sawa kabisa. Africafe inatengenezwa Bukoba na TANICA, kwa kahawa ya hapahapa, na nyumba nyingi za Tanzania zinazosema zinanywa kahawa ndiyo zinayokunywa. Mradi wa mapishi ya kahawa ya Watanzania usioigusa ungekuwa mradi wa kujionyesha.

Kaka wa Kibosho alitoa simulizi ambayo nimeisikia kwa sura tofauti kwa karibu kila mtu wa mlimani. Babu yake alikuwa na mibuni chini ya migomba, kwenye kihamba, shamba la ukoo. Kahawa ilichumwa ikiwa nyekundu, ikamenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa kwenye Ushirika. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na kwa familia kama yao kahawa ilikuwa bati la nyumba na ada ya shule. Jioni wakikaa, wanakunywa chai ya maziwa. Kaka huyu alionja kahawa ya kwao mara ya kwanza akiwa mtu mzima, hotelini, mjini. Huko Japani jina "Kilimanjaro" ni jina la biashara linalouza kahawa ya Tanzania hata ikiwa imetoka mikoa mingine, na hapa bibi yake hakuwahi kuionja.

Tulionja kwa vikombe vya namba, bila majina. Maji yaleyale, gramu zilezile, kila kikombe dakika nne, kisha unavunja povu la juu kwa kijiko na kupiga funda kwa kelele. Kelele zile zina kazi: zinatawanya kahawa mdomo mzima na kupandisha harufu puani. Majirani walidhani tunakula uji wa moto.

Mmoja wetu alikuwa amenunua pakiti iliyoandikwa AA kwa herufi kubwa, akaja nayo kifua mbele. AA ni ukubwa wa punje. Zinapita kwenye machujio yenye matundu ya vipimo tofauti, kubwa zinabaki juu, hizo ndizo AA. Madaraja hayo hayasemi kitu kuhusu namna ilivyovundikwa wala imekaa ghalani muda gani. Ile pakiti ilikuwa na harufu ya gunia, na kikombe chake kilishika mkia. Mwenye nayo alitaka kura irudiwe.

PB ya Kibosho na arabika ya Mbinga ziligawana kura. Ya Kibosho ilikuwa na uchachu safi, wa kuchangamsha ulimi. Ya Mbinga ilikuwa tulivu na nzito zaidi. Africafe kavu haikupata kura, lakini tulipotia maziwa na sukari kwenye vikombe vyote, watu wa maziwa waliirudia, na shemeji akanyamaza kwa raha zake zote. Kahawa ya plunja yenye uchachu mzuri ikikutana na maziwa mengi hupotea. Africafe haipotei.

Machi: moto

Mwezi huu tulikaanga wenyewe. Ramadhani iliingia, hivyo kazi ilihamia usiku, baada ya tarawehe, na hilo lilisaidia: jikoni kulikuwa na ubaridi kidogo na majirani walikuwa macho, kwa hiyo moshi haukumshtua mtu.

Kikaango kizito cha chuma, gesi ya wastani, mwiko wa mbao usiopumzika. Ukiuacha mwiko kwa nusu dakika unapata punje zenye shavu jeusi upande mmoja. Tunakaanga gramu 200 kwa mara moja, si zaidi, kwa sababu zikizidi za chini zinaungua na za juu zinapikwa kwa mvuke. Mwanzoni hazifanyi kitu. Zinatoka kijani, zinaingia njano, harufu inakuwa ya nyasi, kisha ya mkate. Ganda laini linaanza kubanduka na kuruka jikoni kote. Halafu, punje yenyewe ikikaribia nyuzi 200, inalia: pa, pa-pa, kama bisi zilizochelewa. Huo ndio mlio wa kwanza. Maji yaliyobaki ndani yamekuwa mvuke na yamepasua punje kutoka ndani. Inavimba, inakuwa nyepesi, na kuanzia hapo inanyweka.

Ukiendelea, unakuja mlio wa pili, laini na wa harakaharaka, na mafuta yanaanza kung'aa juu. Hapo una sekunde chache za kuamua kabla hujapata mkaa.

Kahawa ya Mbinga tuliikaanga mara mbili kwa makusudi. Fungu la kwanza tulilitoa mara mlio wa kwanza ulipotulia: gramu 200 zikawa 170. Fungu la pili tulilipeleka hadi mlio wa pili: zikabaki 160. Kupoza ni kazi ya ungo na feni. Unamwaga, unapepeta, makapi yanaruka, punje zinapoa kabla hazijaendelea kujipika zenyewe. Ungo unafanya kwa dakika moja kazi ambayo mashine za kukaangia zimetengewa sinia zima la kuzunguka.

Hatukuzinywa usiku ule. Kahawa iliyotoka motoni imejaa hewa ya kaboni; ukiimwagia maji ya moto inatoa povu, inayasukuma maji, na kikombe kinakuwa na ukali usioeleweka. Tuliiweka kwenye chupa za jamu, vifuniko vimekazwa, siku chache.

Kisha tukaingiza mafungu yote mawili kwenye kila chombo, na hapa ndipo mradi ulipogeuka. Ile nyepesi kwenye V60 ilikuwa kahawa bora kuliko zote tulizowahi kutengeneza nyumbani. Ndani ya dele, imetwangwa na kuchemshwa na tangawizi, ilikuwa balaa: chachu na chungu kwa pamoja. Ile nyeusi kwenye V60 ilikuwa majivu. Ndani ya dele ilikaa kama ilizaliwa humo. Shamba moja, gunia moja, kikaango kimoja, tofauti ni dakika mbili za moto.

Sababu haina uchawi. Punje iliyokaangwa kidogo bado ni ngumu, inaachia vitu vyake polepole, na uchachu ndio unaotangulia. Inataka maji yapite yakiwa ya moto, kisha yaondoke. Iliyokaangwa sana imekuwa na matundu, inaachia haraka, uchachu wake umeshaungua, na uchungu wake unaweza kusimama mbele ya tangawizi. Kwa hiyo swali la "kahawa ipi nzuri" tuliloanza nalo tumelifuta kwenye kijitabu. Kila ukurasa sasa unaanza na chombo, kisha unataja moto wa kukaanga, ndipo unataja inatoka wapi.

Aprili: maji, kwa ufupi

Masika. Chupa ukiisahau wazi kwa usiku mmoja, punje zinanyonya unyevu na zinasagika kama sabuni. Mkaa wa mzee wa kijiwe cha kahawa, tunayemwita babu, umelowa.

Tuliyojua kuhusu maji ni mawili. Maji ya kisima cha nyumba ya kijana wa Mbinga, yenye chumvichumvi na yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yaliifanya PB ya Kibosho iwe bapa kabisa, uchachu wote umezimwa. Maji magumu ya namna ile yana magadi ndani yake, na magadi huua asidi. Kwa chupa ya maji ya dukani kahawa ileile ilifufuka. Kwa dele tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba babu hakuitambua, wala mimi.

La pili alilileta shangazi wa Mbeya. Yeye humwaga maji ya kuchemka moja kwa moja kwenye plunja na anashangaa sisi tunaosubiri. Tulipomwiga, kahawa ileile, karatasi ileile, yake ilikuwa laini, yetu kali. Hapa pwani maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango kinashuka karibu na nyuzi moja. Mbeya mjini ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ya kwake yanachemka yakiwa na nyuzi 94 au 95, na hayo ndiyo maji ambayo vitabu vingi vya kahawa vinataka. Shangazi anayapata bure. Ukurasa wa plunja umeongezewa mstari: ukiwa Dar, Tanga au Unguja, epua, funua kifuniko, subiri dakika moja.

Mei: dele

Ukurasa huu umetuchukua muda kuliko yote, na ndio ninaoupenda.

Kijiwe chenyewe kipo Magomeni, chini ya mwarobaini: benchi mbili, ubao wa bao, sinia la kashata za karanga, ndoo ya kuoshea vikombe, na dele juu ya jiko la mkaa. Mwenye kijiwe ni mzee aliyekuja mjini kutoka Tanga akiwa kijana. Wateja wake wengi ni wazee wa mtaa, madereva wa bodaboda, na watu wa Simba na Yanga ambao wakiondolewa kahawa wangebaki na ugomvi mtupu. Vijiwe vya namna hii vimejaa pwani yote. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, Unguja, siasa za nchi nzima zinapita kwenye finjani kabla ya kufika redioni.

Nilikwenda na mizani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nini tena?"

"Mizani. Tunataka tuandike unavyopika."

"Unaipima kahawa kama dawa ya mseto?" Benchi zima likacheka. "Haya, andika: maji yakichemka unatia kahawa, ikipanda unaishusha, ikitulia unairudisha."

"Kahawa kiasi gani, babu?"

"Ya kutosha."

Nilimwomba achote kama anavyochota siku zote, ila amimine kwanza kwenye sahani yangu. Kumbe ana kipimo. Anachota kwa finjani, zilezile anazouzia, akaijaza na kuisawazisha kwa ukingo wa kidole gumba, mara tatu. Mkono wake hauna kilima wala upungufu. Finjani ya pili na ya tatu zilipishana gramu moja. Jumla ilikuwa gramu 70 na kitu, kwa dele la lita mbili. Hiyo ni nyuma sana ya gramu zetu 60 kwa lita, na bado kahawa yake inaitwa chungu na yetu haiitwi.

Maelezo yamo kwenye vitu vingine vyote. Anachanganya ya Bukoba na ya Moshi, anazonunua mbichi sokoni Kariakoo. Anakaanga hadi nyeusi yenye mafuta. Inatwangwa laini, na hailali. Ya leo inatwangwa leo. Tangawizi ni kipande cha urefu wa kidole, kimepondwa. Iliki ni punje chache, na mdalasini "ikiwepo". Kahawa ya plunja inakutana na maji dakika nne, halafu wanaachana. Ya dele haiachani na maji kamwe. Imekaa chini kama tope, mdomo wa dele uko juu, na anavyomimina kwa kuinamisha polepole bila kutikisa, tope linabaki. Hakuna chujio.

Nilidhani hapo tumemaliza: gramu, maji, tangawizi. Dada wa Bukoba ndiye aliyesema tukae hadi usiku. Basi tukanunua finjani moja baada ya swala ya alasiri, nyingine baada ya magharibi, nyingine baada ya isha, na kila mara nilipima joto na kuandika ladha.

Ya alasiri tangawizi ilikuwa inapiga kelele, kahawa nyuma yake nyembamba, karibu na chai. Ya magharibi vimeshikana. Huwezi tena kusema hiki tangawizi, hiki kahawa. Ya isha ilikuwa nzito, nyeusi tii, chungu hadi kwenye fizi, na tangawizi imebaki kooni tu. Katikati ya saa hizo babu alikuwa ameongeza maji ya moto kutoka birika la pembeni, na baada ya magharibi akatupia nusu finjani ya unga mpya bila kutazama. Mkaa anauvuta na kuusukuma kwa kipande cha bati, na dele halichemki tena baada ya ule mchemko wa mwanzo. Kipimajoto kilisoma kati ya nyuzi 80 na 90 jioni nzima.

Nikaanza kutazama wateja badala ya dele. Vijana wa bodaboda wanakuja alasiri, wanakunywa mbili za harakaharaka, wanaondoka. Wazee wa bao wanakuja magharibi. Kuna mzee mmoja mrefu, mstaafu wa bandari, hafiki kabla ya isha, hata mvua isiponyesha na hata akiwa hana la kufanya. Nilimuuliza kwa nini. "Ya alasiri ni ya watoto," akasema. Anaisubiri iive. Kijiwe kinauza kahawa tatu kwa dele moja, na kila mteja anaijua saa yake.

Hivyo karatasi ya dele haikuandikwa kwa gramu peke yake. Ina safu tatu, kwa majina ya swala. Chini yake pana maelezo ya kuongeza maji na unga, na mstari wa kashata. Kashata haihesabiwi kama kitafunwa. Kahawa haina sukari, sukari yote imo kwenye ile karanga iliyogandishwa, unauma kidogo, unapiga funda, unauma tena. Tulijaribu kutia sukari ndani ya dele kwa gramu zilezile za kashata. Haikuwa kitu kimoja. Uchungu unatakiwa uje kwanza.

Juni: Muscat na kile kikapu

Mama mmoja wa kwetu anayeishi Muscat ametutumia mapishi yake kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha Unguja kilichochanganyika na Kiarabu. Kahawa ya Oman aliyoizoea inakaangwa kidogo, hudhurungi tu, inachemshwa na iliki nyingi, na mwishoni unatia zafarani au maji ya waridi. Sukari haina, kuna tende na halua. Finjani haijazwi, ni funda mbili, na mwenyeji anaendelea kukumiminia hadi uitikise finjani kuashiria imetosha. Mgeni asiyejua kutikisa atakunywa hadi asubuhi.

Tuliipika kwa fungu la Mbinga lililokaangwa kidogo, lile lililoshindwa vibaya kwenye dele la tangawizi. Safari hii lilikubali. Iliki inauchukua uchachu ule na kuufanya uonekane umekusudiwa, jambo ambalo tangawizi hailiwezi. Kanuni yetu ya Machi, kwamba kahawa nyepesi isichemshwe, tumeiandika upya: isichemshwe na tangawizi. Babu wa kijiweni alionja, akasema ni nzuri kwa harusi.

Kikapu cha dada wa Bukoba nacho kilifunguliwa. Ndani mlikuwa na akamwani, robusta iliyochemshwa na majani ya dawa ikiwa na ganda lake, ikakaushwa. Hiyo hailowekwi wala haisagwi. Unatia punje mdomoni na kutafuna. Kwa Wahaya mgeni hukaribishwa kwa hiyo tangu kabla wamisionari hawajashusha arabika yao Bagamoyo katika karne ya 19 na baadaye kuipandisha Kilimanjaro. Ina ukavu fulani, uchungu wa majani, na baada ya muda macho yanafunguka. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Dada alikuwa anatafuna tangu Februari, akitutazama tunavyohangaika na kipimajoto. Ukurasa wake una sentensi moja, na hakubali iongezwe.

Robusta yake iliyobaki tuliijaribu kwenye moka. Moka za Bialetti zilianza mwaka 1933, mwaka uleule wa KNCU, na hii yetu inaonekana ni ya siku zilezile. Robusta tupu ilikuwa kali mno, ina harufu ya mpira. Sehemu moja ya robusta kwa tatu za Mbinga nyeusi ilileta povu na uzito, na ukitia maziwa inashindana na Africafe bila woga. Shemeji amekubali kwa kichwa tu, neno hakutoa.

Julai: tulipofika

Kurasa za plunja, V60, moka, dele na kahawa ya Oman zimekamilika na zimejaribiwa na mtu asiye mwandishi wake. Wa V60 ndio uliofuatwa kwa urahisi zaidi, gramu 15 kwa mililita 240, na ndio wenye wapenzi wachache zaidi. Karatasi inashika mafuta mengi na watu wetu wengi wanasema kikombe kinakuwa "kisafi mno". Wa Africafe upo, mfupi, na maziwa yanachemshwa kwanza. Ugomvi wa sukari kwenye plunja haujaisha, kwa hiyo tumeacha kila mtu aandike kwa kalamu yake kwenye nakala yake.

Yaliyobaki: kahawa mpya ya Mbinga imeanza kuchumwa, kijana ataleta fungu tukaange tena na kulinganisha na la mwaka jana. Shangazi atajaribu dele huko Mbeya, tuone kama nyuzi zake 94 zinabadilisha chochote kwenye kahawa inayokaa motoni jioni nzima; mimi nadhani hazitabadilisha, kaka wa Kibosho anadhani zitabadilisha, na tumewekeana kilo moja ya sukari.

Nakala ya ukurasa wa dele naichapa upya kwa herufi kubwa. Babu anakwenda Tanga kwa arusi, mjukuu wake ndiye atakayekaa kijiweni wiki hiyo, na mzee wa bandari ameshatangaza kwamba ya isha ikiwa nyepesi atamfuata babu hukohuko.